Picha ya kichwa imekuja "safi", ukoo ukasema basi ni jini. Wakuu wa Kusini, tuongee

Fundi Giza (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi utakuwa mrefu, mwenye korosho za kutafuna azisogeze karibu.

Kazi yangu ni kupiga picha za mionzi hapa Mtwara. Wale mnaovuliwa cheni na hereni mkaambiwa "tulia hivyo hivyo, usitikisike", ndiye mimi. Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa kile kioo, naona vichwa vya watu kwa ndani kabla ndugu zao hawajaambiwa kitu. Nilijiona nimeshazoea, mpaka kilipokuja kichwa cha mjomba wangu, na siku hiyo mimi sikuwa zamu.

Ilikuwa msimu wa korosho wa 2022, Tandahimba. Mjomba, mtu wa miaka sitini na kitu, yuko kwenye ghala la chama cha msingi anasubiri magunia yake yapimwe. Waliokuwepo wanasema alikuwa anabishana na karani kuhusu unyevu wa korosho, kama kawaida yake, halafu maneno yakaanza kumtoka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Kalamu ikamdondoka. Akainama kuiokota kwa mkono wa kulia, mkono haukwenda. Wanasema aliuangalia ule mkono kama anaangalia mkono wa mtu mwingine, kisha akakaa chini taratibu.

Hapo ni saa moja na nusu asubuhi. Vijana walifanya jambo la maana kuliko walivyojua: wakamtia kwenye gari la mnunuzi mmoja, vumbi mpaka walipoishika lami ya Mnivata, saa nne wako hospitali. Saa nne na nusu kichwa kimeshapita kwenye CT, ile sitiskani. Kwa kwetu huku, hiyo ni kasi ya ndege.

Picha ikatoka haina kitu. Ndugu wakapewa karatasi na mtu mwenye haraka zake: "Kichwa kiko safi."

Sasa jiwekeni nyinyi pale kwenye benchi. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye nguzo ya ukoo. Nguzo imepinda mdomo, upande mzima umelala, haisemi. Mashine ya mamilioni imeingia ndani ya fuvu ikarudi na jibu kwamba humo hamna tatizo. Mngesema nini? Mama mkubwa alisema mchana ule ule: kama si ugonjwa wa hospitali, ni wa upande mwingine. Tena kulikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba tangu mwezi wa nane, kwa hiyo hata mtuma jini alikuwa na jina tayari. Wakasaini kumtoa, wakambeba. Siku tatu amekandwa majani, amefukizwa, amenyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya dua. Mimi nilikuwa Dodoma kwenye mafunzo. Simu nilipigiwa usiku wa siku ya pili, tena na mtoto mdogo wa pale nyumbani, si na wakubwa.

Siku ya nne nilimrudisha mwenyewe, nikamlaza mezani mwenyewe. Upande wa kushoto wa ubongo kulikuwa na doa jeusi kubwa, lenye umbo la kabari, ambalo hata muuza pweza pale feri angeliona.

Doa lile halikuingia kwa mganga. Siku ya kwanza jeraha lilikuwepo, ila lilikuwa bado halijaiva kiasi cha kuonekana kwa CT. Lile neno "safi" ndilo lililotuponza. Neno sahihi lilikuwa "bado". Na naliweka hili kwenye fani yangu mimi, siyo kwa mama mkubwa.

Naendelea chini, acheni nafasi.

Ming'oko

Nimekaa siti ya mbele. Shusha mkuu.

Fundi Giza

Kiharusi ni neno moja lakini ndani yake kuna magonjwa mawili yasiyopatana. La kwanza, mshipa wa damu unaziba, na kipande cha ubongo kinachotegemea mshipa huo kinakosa damu. La pili, mshipa unapasuka, damu inamwagika ndani ya ubongo wenyewe. Duniani yale ya kuziba ndiyo mengi, ila kwetu Afrika ya kupasuka si machache hata kidogo, maana presha zetu hazitibiwi mpaka ziangushe mtu. Kuna na la tatu, damu kuvuja juu ya uso wa ubongo. Mgonjwa wake hukwambia kichwa kimempasuka ghafla kuliko maumivu yote aliyowahi kuyaona. Hilo leo naliruka.

Ukimwangalia mgonjwa kwa macho, huwezi kuapa ni lipi. Mdomo unapinda vile vile, mkono unalala vile vile. Daktari mzoefu akiona mgonjwa anatapika, kichwa kinamuuma sana na fahamu zinakwenda haraka, moyo wake utaegemea kwenye damu kumwagika. Mara nyingi atapatia. Siku atakayokosea ndiyo hatari, kwa sababu tiba ya huku ni sumu ya kule. Aspirini inamsaidia aliyezibwa. Aliyepasuka ukimpa aspirini umeambia bomba linalovuja liendelee.

Ndipo CT inapoingia. Mashine haina akili ya kujua ugonjwa. Inapima kitu kimoja: kila chembe ya kichwa imezuia mionzi kiasi gani, kisha inaipa rangi. Maji yamepewa sifuri. Hewa ni hasi 1,000, nyeusi tii. Mfupa mgumu unakwenda mpaka 1,000 na kupita, mweupe. Nyama ya ubongo inacheza kwenye thelathini na arobaini, na damu mbichi inayoganda inapanda hamsini mpaka themanini hivi. Kwa hiyo damu ikimwagika inang'aa pale pale. Mgonjwa aliyeanguka nusu saa iliyopita utaiona imekaa katikati ya ubongo kama nazi iliyokunwa juu ya ugali wa mtama.

Lakini mshipa ukiziba hakuna kilichomwagika. Kinachokuja kuonekana ni weusi wa eneo kuvimba na kujaa maji, na maji hayo yanajikusanya kidogo kidogo kwa masaa. Ukikata mzizi wa mche asubuhi, majani mchana bado ni ya kijani. Mtu akipita akipiga picha ya majani atasema mche mzima.

Kwa hiyo siku ya kwanza CT huulizwa "kuna damu?" Haiulizwi "kuna kiharusi?" Ikijibu hakuna damu, na mgonjwa kapooza mbele yako, basi imekwambia jambo kubwa sana: uwezekano mkubwa ni mshipa umeziba. Mjomba wangu alipewa jibu zuri saa nne na nusu asubuhi. Hakuna aliyemtafsiria.

(Pembeni kidogo, kwa wapenda historia. Mgonjwa wa kwanza kupigwa CT ya kichwa alipigwa London tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, wale wale wa santuri. Mwenzake waliyegawana naye Nobeli ya 1979, Allan Cormack, ni mzaliwa wa Johannesburg, na hesabu zake alianza kuzikuna akiwa Cape Town. Kwa hiyo msiniletee habari kwamba hiki ni kitu cha Wazungu huko.)

Mzee wa Mabibo

Vijana wa mashine mna maneno. Marehemu kaka yangu alipinda mdomo na mkono asubuhi, akapelekwa kwa mganga kule Kitangari, jioni anakula ugali kwa mkono ule ule. Hapo hakukuwa na CT wala nini. Hiyo mnaiitaje? Na kiharusi sisi tulikuwa hatukijui, kimekuja na vyakula vyenu vya mjini.

Fundi Giza

Shikamoo mzee wangu. Naomba nikuulize kwa heshima: kaka alikaa muda gani baada ya siku ile?

Mzee wa Mabibo

Marahaba. Kama wiki mbili. Halafu kikaja kile kikubwa.

Fundi Giza

Pole sana mzee. Ile ya kwanza huwa tunaiita kiharusi cha kupita. Mshipa unaziba, kisha bonge la damu linayeyuka au kusogea lenyewe na mtu anarudi kama zamani, ndani ya dakika au masaa. Mganga alimkuta anapona. Na siku za mwanzo baada ya hapo ndizo mbaya kuliko zote, kile kikubwa huja nyuma yake. Ukipinda mdomo ukanyooka wenyewe, hiyo siyo ruhusa ya kurudi shamba.

Daktari Likizo

Mimi ni daktari, niko likizo nyumbani Masasi, nilikuwa nasoma kimya ila naona nitie neno.

Mzee wetu kuhusu "ugonjwa wa mjini": kuna utafiti ulihesabu viharusi nyumba kwa nyumba hapa Tanzania kati ya 2003 na 2006, Hai kwa upande wa vijijini na Dar es Salaam kwa mjini, ukachapishwa 2010. Baada ya kusawazisha umri, Hai walipata wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar 315.9. Kwa hiyo mjini ni karibu mara tatu, hapo mzee hujakosea. Lakini hata ile ya kijijini si ndogo. Sisi wa Kusini hatukuwemo kwenye hesabu hiyo, na tukila ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi, kila siku na presha hatupimi, mimi sitegemei tuwe malaika.

Fundi Giza, nakusahihisha kidogo. CT ya mapema si kwamba huwa kipofu kabisa. Jicho lililofunzwa linaweza kuona mshipa wenyewe umeng'aa kwa sababu ya bonge lililokwama ndani, au mpaka kati ya gamba la ubongo na nyama ya ndani umefifia. Ni alama ndogo, na mtu aliyeamka na zamu tangu jana anazipita. Ndiyo maana picha lazima isomwe na daktari wa mionzi, siyo kuishia kwa aliyeipiga, bila kukuvunjia heshima.

Fundi Giza

Hujanivunjia, daktari. Nimepokea. Na nikiri: mara nyingi aliyepiga ndiye anayeulizwa mlangoni "vipi, mmeona nini?", naye anajibu ili watu wamwachie njia.

Mwera wa Nyangao

Kaka Fundi, uzi wako umenikosesha usingizi, na mimi nina swali la kweli, si la kubishana.

Mama yangu alipooza mwaka jana kijijini kwetu, upande wa Mtama. Tulikaa naye nyumbani, tukisema ni upepo, wiki tatu na ushee. Tulipomfikisha kwenye CT, picha ikaonyesha doa jeusi, tukaambiwa ni mshipa uliziba, na tangu hapo yuko kwenye aspirini kila siku. Sasa nasoma kwako kwamba damu huwa nyeupe. Nikapumua, kwamba basi kweli haikuwa damu. Nimeelewa sawasawa?

Fundi Giza

Dada Mwera, pole kwa kuuguza. Ningependa nikujibu "ndiyo" tukalale wote, lakini hapa ndipo penye utata ambao hata mimi nilichelewa kufundishwa.

Weupe wa damu haukai. Siku za kwanza inang'aa, kisha mwili unaimeng'enya, inafifia kuanzia pembeni kwenda ndani. Baada ya wiki moja, mbili, tatu, kutegemea ukubwa, inafanana rangi na ubongo wenyewe. Ikipita hapo inakuwa nyeusi. Yaani damu iliyomwagika mwezi uliopita na mshipa ulioziba mwezi uliopita, kwenye CT vyote viwili vinaweza kukuonyesha shimo jeusi lile lile. Picha imekuja wakati ushahidi umeshafutika.

Sisemi mama alipasukwa mshipa. Inawezekana kabisa uliziba na dawa ni sahihi. Nasema picha ya wiki ya nne peke yake haitoshi kuapa. Usimwachishe aspirini kwa kusoma uzi wa mtandaoni, nakuomba sana. Mpeleke kliniki, mwambie daktari wazi: "Picha ilipigwa baada ya wiki tatu, je kuna haja ya MRI?" Swali hilo tu. MRI ni ile picha inayopigwa kwa sumaku.

Binti Mikindani

Na mimi hapo hapo. Kama MRI inaona zaidi, kwa nini msianze nayo kwa kila mtu? Au ni mambo ya fedha?

Fundi Giza

Fedha zimo, siwezi kudanganya, MRI ni ghali kuliko CT na mashine zake ni chache. Lakini hata ingekuwa bure, mgonjwa wa dharura mara nyingi angeanza na CT.

CT ya kichwa unalala, dakika chache umemaliza. MRI ni handaki jembamba, ulale tuli dakika ishirini, thelathini, pengine zaidi, na kelele zake ni kama umeingiza kichwa kwenye kiwanda cha kubangua korosho. Mgonjwa wa kiharusi aliyechanganyikiwa, anayetapika, anayerusha ule mkono mmoja uliobaki, utamlazaje humo? Tena ile ni sumaku, na haizimwi mtu akishaingia. Mwenye betri ya moyo, mwenye chuma kilichobaki jichoni kwa kazi ya kuchomelea, huyo kwanza mumhoji vizuri. Na aliyepooza mpaka maneno hayatoki hajibu maswali.

Ila ukishaweza kumlaza, MRI ina macho mawili ambayo CT haina.

Jicho la kwanza linaangalia mwendo wa maji. Ndani ya ubongo usio na ugonjwa maji hutembeatembea kwa uhuru. Chembe zikikosa damu zinavimba, maji yananaswa, hayatembei tena. Picha hiyo inawaka ndani ya dakika, si masaa. Mjomba angelala kwenye MRI saa nne na nusu ile, kile kipande kingekuwa kinawaka kama karabai. Na viharusi vidogo vya nyuma ya kichwa, karibu na shingo, vile vya mtu kuona dunia inazunguka na kushindwa kutembea, CT huvikosa sana kwa sababu mifupa ya pale ni minene, inachafua picha. Huko MRI ndiyo mwenyewe, ingawa nayo siku ya kwanza huweza kukosa.

Jicho la pili ndilo la mama yake dada Mwera. Damu ina chuma. Ikimwagika na kuliwa na mwili, chuma kinabaki pale kama kutu kwenye kisima. Sumaku inaona kutu. Hata baada ya miaka, kuna aina ya picha ya MRI inayoonyesha weusi wa ile kutu na kusema: hapa damu ilipita. Hilo CT haiwezi tena.

Ming'oko

Fundi, mionzi ya CT si inaleta saratani? Nasikia ukipigwa mara mbili umekwisha. Mjomba umempiga mbili na wewe ni mpwa!

Fundi Giza

Hahaha. CT ya kichwa ni takriban milisiveti 2. Mwanadamu wa kawaida duniani, akikaa tu, ardhi na anga vinampa wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Si sifuri, na hatupigi kwa kufurahishana. Ila kwa mtu aliyeanguka mdomo umepinda, mimi nitampiga hata ya tatu. MRI yenyewe haina mionzi hiyo kabisa.

Nahodha wa Kilwa

Haya mambo ya picha kupatikana karibu, vijana msiyachukulie poa. Mimi baba yangu alipooza zamani, kabla ya mashine hizi. Picha ilikuwa Dar. Tulimlaza kiti cha nyuma cha basi, kichwa kwenye paja langu, tunafika Muhimbili kesho yake. Daktari akauliza alianza saa ngapi, tukatazamana. Mashine nyingi za hospitali za rufaa za mikoa zimekuja na ule mkopo wa Uviko wa trilioni 1.3 wa mwaka 2021. Mengine ya mkopo ule mtabishana wenyewe.

Lakini picha ni nusu ya safari. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, jirani yetu alikuwa amepigwa picha, damu imeonekana, anatakiwa Dar kwa wapasuaji wa ubongo. Malori yamesimama kilomita na kilomita. Picha tulikuwa nayo kwenye simu, nzuri, inang'aa. Tuliiangalia siku nzima.

Binti Mikindani

Alipona?

Nahodha wa Kilwa

Hapana binti yangu.

Daktari Likizo

Poleni, Nahodha.

Niongeze kwa upande wa wodini, maana Fundi amemaliza upande wa chumba chake.

Kabla ya picha yoyote, pimeni sukari. Tone la damu kidoleni. Sukari ikishuka sana mtu anaweza kupooza upande mmoja na kupoteza maneno, sawasawa na kiharusi, na ukimpa glukosi anainuka anauliza viatu vyake. Nimeona mgonjwa wa namna hiyo amesafirishwa mbali kwenda kupigwa CT, wakati dawa yake ilikuwa dripu ya kituo cha afya cha kwao.

Pili, CT inayakamata magonjwa yanayojifanya kiharusi. Babu aliyeanguka kwenye mkorosho au kwenye bodaboda mwezi mmoja uliopita, akaamka, akacheka, mambo yakaisha. Leo anaburuta mguu na anasahau majina ya wajukuu. Wote mtasema kiharusi cha uzee. CT inaonyesha damu ya zamani imekaa kati ya fuvu na ubongo kama mwezi mwandamo, inausukuma ubongo upande wa pili. Huyo anatobolewa fuvu, damu inatoka, na wengi wao hurudi kutembea. Kwangu mimi huyu peke yake anatosha kulipia gharama za mashine.

Halafu presha. Hapa ndugu na hata wenzangu wa zahanati wanaharibu kwa nia njema. Mgonjwa amepooza, presha 190 kwa 110, mtu anakimbilia kumwekea nifedipini chini ya ulimi ishuke haraka. Kama mshipa umeziba, ile presha ndiyo inayosukuma damu kupita vichochoro kwenda kwenye sehemu inayokufa. Kwa asiyepewa dawa ya kuyeyusha bonge, kwa kawaida hatuigusi mpaka ipite 220 kwa 120. Kama umepasuka, hapo tunaishusha, tunalenga kwenye 140, na kwa utaratibu. Presha ile ile, amri mbili kinyume, na anayejua ni ipi ni picha.

Kuhusu dawa ya kuyeyusha bonge mnayoisikia: ipo tangu majaribio ya 1995, mwanzo kwa masaa matatu, na tangu 2008 ikathibitika mpaka manne na nusu tangu dalili zianze. Haitolewi bila picha kuonyesha hakuna damu. Kuna na kulivuta bonge kwa waya kupitia mshipa, ambako tangu 2018 kwa wagonjwa waliochujwa kwa picha maalumu wanafika hata masaa 24. Nawaambia ili mjue kwa nini tunakera watu na swali la "alianza saa ngapi". Ukimkuta amepooza alfajiri, saa yake haianzi ulipomkuta. Inaanza mara ya mwisho alipoonekana mzima, hata kama ni jana usiku akifunga mlango wa kuku.

Mzee wa Mabibo

Nimewasoma wote. Sasa kijana Fundi, unataka watu wasisomewe dua?

Fundi Giza

Hapana mzee, kisomo kisomwe, hata mimi nilimsomea njia nzima. Ninachokataa ni kombe kupita kooni. Kiharusi kinalegeza koo pia. Maji, uji, kombe, hata kidonge, vinaingia kwenye mapafu. Mjomba siku ya nne hakurudi na kiharusi tu, alirudi anakohoa, homa kali, pafu la kulia limejaa. Wiki mbili tulizolala naye wodini, nyingi zilikuwa za kifua, siyo za kichwa. Sheikh asome, maji ampake usoni, asimnyweshe mpaka daktari apime kumeza.

Mwera wa Nyangao

Na tukifika hospitali sisi tusiojua kitu, tuseme nini? Maana ukiuliza sana unaambiwa unajifanya daktari.

Fundi Giza

Semeni saa. Iandikeni hata kwenye kiganja: "mzima saa kumi na mbili, kalamu imedondoka saa moja na nusu". Mtajeni dawa anazotumia, hasa kama ni za kulainisha damu. Na picha ikitoka, msiulize "ni safi?" maana mtajibiwa ndiyo. Ulizeni: "Damu ipo?" Ukiambiwa haipo, uliza na la pili: "Kama haipo, mbona amepooza, na picha nyingine tunarudia lini?" Mtu akijibu hayo mawili mbele ya mama mkubwa wa mtu, yule mama hatafuti jini. Mama mkubwa si mjinga. Alipewa jibu nusu akalimaliza mwenyewe kwa alichokuwa nacho.

Chumbani kwangu nimeshabadilisha. Mtu wa siku ya kwanza picha ikiwa haina kitu, natoka mlangoni mwenyewe nawaambia ndugu: damu hakuna, kiharusi bado hakijajionyesha, msiondoke, msikilizeni daktari. Kuna mwenzangu mmoja alinicheka kwamba nafanya kazi ya madaktari. Wiki iliyofuata nilimsikia naye anasema hivyo hivyo, na sauti ameigiza yangu.

Mwera wa Nyangao

Nimeenda kliniki jana. Daktari ameandika MRI. Aspirini ameniambia niendelee mpaka jibu litoke. Nitaleta mrejesho.

Ming'oko

Fundi, hujasema. Mjomba yukoje sasa?

Fundi Giza

Yupo. Anatembea na fimbo, mguu wa kulia anauzungusha kwa nje kama anaruka dimbwi. Mkono haujarudi. Maneno ndiyo yaliyokwenda zaidi, maana lile doa lilikaa kushoto, kwenye kiwanda cha maneno. Anaelewa karibu kila kitu unachomwambia, ila kutoa limebaki neno moja: "haya". Njaa ni haya, karibu ni haya, toka hapa ni haya. Unamjua kwa sauti.

Msimu huu nilimpeleka ghalani, akakaa kwenye kiti karibu na mzani. Karani yule yule akasoma unyevu wa magunia yetu. Mjomba akaangalia mashine, akamwangalia karani, akasema "haya!" kwa sauti ambayo karani alipima tena.